Mzazi unayesoma, jifunze kurudi

Mtihani wangu wa kwanza wa CPA, ile ya uhasibu, nilifeli nikiwa na daftari lililojaa masaa. Kila usiku nilikuwa naandika: leo matatu, jana matatu na nusu. Nikijumlisha mwisho wa wiki najiona jembe. Matokeo yalipotoka ndipo nilipokaa na lile daftari nikajiuliza, ndani ya hayo masaa matatu nilikuwa nafanya nini hasa? Nilikuwa nanyonyesha, nakagua homuweki, nachungulia grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa la kwanza, na kila nikirudi mezani naanza ukurasa uleule upya.

Mkubwa wangu wakati huo alikuwa na miaka 6, mdogo mmoja na nusu. Tunaishi Mbagala, na meza yangu ya kusomea ndiyo hiyohiyo ya kulia chakula. Watu wakaniambia nitafute utulivu kwanza. Wapi? Nikajaribu na ile njia ya Mtaliano Francesco Cirillo: unasoma dakika 25, unapumzika 5. Anaiita pomodoro, yaani nyanya, kwa sababu saa yake ya jikoni ilikuwa na umbo la nyanya. Njia nzuri, ila mwanangu hakupewa taarifa. Dakika ya 11 kashaamka.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mzazi atakatizwa tu, hilo halina dawa. Kinachowezekana kujifunza ni kurudi haraka pale ulipoachia.

Nikupe mfano wa usiku mmoja. Nafanya swali la uchakavu wa mali, yaani thamani inayopungua kadiri mali inavyotumika, mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Mashine nimemaliza, naingia kwenye gari: limenunuliwa shilingi 48,000,000, uchakavu asilimia 25 kwa mwaka. "Mama, kojo." Nikaenda chooni, nikabadilisha shuka, nikambembeleza mpaka akasinzia. Kurudi, nikapiga asilimia 25 ya 48,000,000, nikaandika 12,000,000 na kusonga mbele kwa raha zangu. Gari lilinunuliwa 1 Aprili. Miezi 9 tu, yaani 9,000,000. Milioni tatu nzima nimezimwaga chooni, na kabla sijaitwa nilikuwa nimeshaiona hiyo tarehe!

Tangu siku hiyo siinuki bila kuandika kikaratasi. Mtoto akilia, nachukua sekunde kumi (kama hajaanguka, sekunde kumi hazimuui) naandika: "Mashine tayari. Gari bado, miezi 9. Kisha jumlisha." Nikirudi sisomi swali tangu juu, nasoma kikaratasi. Cha muhimu kiseme hatua inayofuata, maana "nimefika ukurasa wa 80" haikusaidii kitu. Baadaye nikaja kusoma kwamba mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 jinsi akili inavyobaki nusu kwenye kazi uliyoiacha hata ukishahamia nyingine, na kwamba yeye na mwenzake waliona kuandika mpango mfupi wa kurudia kazi kunapunguza hilo. Nikafurahi, maana hata ile nusu ya pili ilikuwa kweli kwangu: nikishaandika, nambembeleza mtoto nikiwa naye kweli, sikokotoi kichwani.

Kikaratasi cha mwisho wa usiku ndicho kinachoamua kesho utasoma nini. Mzazi aliyechoka akikaa mezani saa nne usiku na kuanza kujiuliza "leo nisome nini," ameshalala huyo.

Simu naiweka kwenye kabati la vyombo. Sina maelezo zaidi hapo.

Kuamka saa tisa usiku, ambako kila mtu anakusifia, mimi kulinishinda. Nilijitahidi wiki mbili, na wiki ya pili kazini nikaandaa malipo ya mteja mmoja mara mbili. Kama mwili wako unakubali, endelea. Wangu ulikataa.

Halafu kuna suala la mwenzako wa nyumbani. Miezi mingi nilikuwa nasema "jamani nisaidieni na watoto," na hakuna aliyejua nataka nini. Siku moja nikanyoosha maneno: "Baba Neema, Jumamosi saa tatu mpaka saa saba mimi sipo. Uji uko kwenye chupa. Dawa ya kikohozi ya mdogo kijiko kimoja, saa sita."

Akaguna. "Sasa mama Neema, na mpira?"

"Mpira saa nane na nusu. Nitakuwa nimerudi."

Nikaanza kwenda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Yale masaa ya pale nayatunzia maswali marefu tu, yale yasiyokubali kukatwakatwa. Nadharia na ufafanuzi wa maneno navimalizia kwenye daladala, nimefunika jibu kwa kidole.

Jambo la mwisho, ruhusa ya mtihani omba mapema. Mitihani mikuu ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, huwa Mei na Novemba, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kushtukizwa. Safari ya pili niliomba siku nne, nikapewa mbili. Siku ya kwanza nililala.