Maswali na majibu: Dirii, mkuki na maji ya vita

Barua za safari hii zimegusa jambo moja kwa njia mbalimbali: mpiganaji alijikinga na nini, na ile kinga ilipomshinda alifanyaje. Nimechagua chache.

Shikamoo mwalimu. Bibi yangu alitusimulia kwamba Fumo Liyongo hakupenywa na chuma. Wazungu nao wanaye shujaa wa namna hiyo? (Msomaji, Lamu)

Marahaba mwanangu. Wanaye. Katika hadithi za kale za Wajerumani yumo Siegfried, aliyeoga damu ya joka, ngozi ikawa ngumu mwili mzima isipokuwa kipande kati ya mabega kilichofunikwa na jani la mti. Mkewe mwenyewe ndiye aliyemwonyesha adui kipande hicho, akidhani anamkabidhi mtu atakayemlinda mumewe. Siegfried akachomwa mkuki mgongoni, ameinama chemchemi anakunywa maji.

Sasa mlinganishe na Liyongo, kama Muhammad Kijuma wa Lamu alivyomtungia utenzi mwaka 1913. Siri yake ilikuwa hii: angeuawa tu kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyeitafuta siri ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa uwaziri na binti wa sultani. Baba alihisi anachimbwa, na bado akamwambia. Akachomwa usingizini. Akaamka, akachukua uta wake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akatia mshale, na roho ikamtoka vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa na kiu siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kusogea, hata wakamwendea mama yake wamwombe ambembeleze.

Mimi katika utenzi huo sivutwi na ngozi isiyopenyeka. Navutwa na mtu aliyejua kwamba mwanawe amekuja kumuua na akamjibu alichouliza.

Wengi mtaniuliza kuhusu Achilles, shujaa wa Wagiriki wa kale, na kisigino chake, ambacho husemwa ndipo pekee alipoweza kujeruhiwa. Kisigino hakimo katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy. Mle Achilles anajeruhiwa mkono na damu inamtoka, na anavaa dirii kwa sababu anaihitaji. Rafiki yake Patroclus aliiazima dirii hiyo akauawa nayo, kisha Hector, shujaa wa Troy, akamvua maiti akaivaa yeye. Achilles alipokutana na Hector uwanjani alimtazama mwili mzima akitafuta palipo wazi, akapaona penye koo, akapitisha mkuki hapo. Dirii ile ilishindwa kuwaokoa wote wawili.

Dirii yenyewe ni nini hasa? Naisikia kwenye tenzi, na kanisani pia. (Mama wa Tanga)

Mama, ni vazi la pete za chuma, mfano wa shati. Fundi anauzungushia waya kwenye fimbo ya chuma, anaukata upate pete, kisha kila pete anaipitisha ndani ya pete nne jirani zake. Ncha za pete anaziponda ziwe bapa, anazitoboa, anazifunga kwa kijisumari kidogo kuliko punje ya mchele. Shati moja lilikula pete maelfu kwa maelfu. Lilifika kilo 10 na zaidi, na uzito wote ulilala mabegani, ndiyo maana mvaaji alijifunga mshipi kiunoni ili nyonga nazo zibebe.

Dirii ilizuia makali ya upanga vizuri sana. Haikuzuia kishindo: rungu lilivunja mfupa na pete zikabaki nzima. Kwa hiyo chini yake walivaa nguo nene iliyoshonwa tabaka juu ya tabaka.

Kanisani unaisikia kutoka Waefeso sura ya 6, dirii ya haki pamoja na chapeo ya wokovu na ngao ya imani. Waislamu wanaijua kutoka kisa cha Nabii Daud katika Qurani, sura iitwayo Saba: Mungu alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze dirii na apime sawasawa kuziunganisha pete. Washairi wa Pate na Lamu waliotunga tenzi za vita vya Mtume na masahaba, kama Mwengo bin Athumani na Chuo (yaani kitabu) cha Herekali mwaka 1728, walikulia ndani ya visa hivyo.

Ni kweli askari farasi wa Ulaya akianguka na mavazi yake ya chuma hawezi kuinuka? (Mwanafunzi, Dodoma)

Si kweli. Mavazi kamili ya mabamba ya chuma yalikuwa kilo 15 hadi 25, yamegawanywa mwili mzima. Askari wa miguu wa leo mara nyingi hubeba zaidi. Mfaransa aliyeitwa Boucicaut alisifika kwa kupinduka sarakasi akiwa na mavazi ya vita, kofia tu ndiyo aliivua. Alitekwa katika vita vya Agincourt, Ufaransa, mwaka 1415, siku ambayo tope na mishale ya Waingereza viliwamaliza Wafaransa. Na upanga wa mkono mmoja ulikuwa na kilo 1 na kitu; zile hadithi za mapanga ya kilo 10 ziachieni sinema.

Mwalimu, hivi babu zetu wa Maji Maji walikuwa wajinga, kuamini maji yatageuza risasi? (Msomaji, Kilwa)

Hapana, ndugu yangu, na neno hilo naomba tuliache kabisa.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji kwa watu waliochoshwa na kodi, viboko na kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba ya pamba. Kunywa yale maji kulikuwa kiapo. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe, wakajikuta upande mmoja. Julai 1905 wakaanza kung'oa pamba Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na vita vikaendelea kusambaa bila yeye.

Agosti 30 Wapogoro na Wambunga waliivamia boma ya Mahenge yenye bunduki za rashasha. Waliotangulia walianguka mbele ya macho ya wenzao. Siku ile kila mtu aliona risasi ni risasi. Hata hivyo vita havikwisha hadi 1907. Watu waliingia msituni wakapigana kwa kuvizia. Hao ndio ninaowaita mashujaa, waliobaki baada ya kujua.

Wakitaka kuwacheka, wawacheke na masultani wa Uturuki waliovaa mashati yaliyoandikwa aya chini ya dirii zao, na mafundi wa Ulaya waliochonga jina la Bwana kwenye mapanga.

Kilichowaua wengi si bunduki. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafanya iliyobaki. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kati ya 200,000 na 300,000.

Mkwawa aliwapiga Wajerumani kwa mikuki tu? (Msomaji, Mbeya)

Zaidi kwa mikuki na kwa mahali pazuri. Tarehe 17 Agosti 1891, Lugalo, kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kinatembea kwa mstari mrefu mwembamba katikati ya vichaka na mawe. Bunduki inataka nafasi, na Wahehe waliinyima: waliinuka wakiwa hatua chache tu. Zelewski mwenyewe alikufa hapo, na bunduki nyingi zikabaki mikononi mwa Wahehe. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa alipigana porini miaka karibu minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles ulitaja fuvu hilo kwa jina, na lilirejeshwa mwaka 1954.

Nikitaka kuwaonyesha watoto mambo haya, niende wapi? (Baba wa watatu, Morogoro)

Kwa ulipo, anza na makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini. Fuvu la Mkwawa liko pale. Ukipata nafasi ya kwenda mbali, nenda Songea kwenye makumbusho ya Maji Maji, hasa mwishoni mwa Februari. Tarehe 27 huwakumbuka mashujaa walionyongwa pale mwaka 1906. Ukivuka mpaka, Fort Jesus ya Mombasa ina mizinga, na vitu vilivyoopolewa kwenye jahazi la Wareno lililozama hapo mwaka 1697. Wasomee watoto utenzi wa Liyongo mkiwa njiani.