Picha za angani zilizotundikwa barabarani bure, zina maana kweli?

Mkuu umeuliza kama inafaa kuwapeleka watoto kwenye maonyesho ya nje ya picha za mandhari zilizopigwa kutoka juu, wakati video za droni zimejaa kwenye simu bure. Mimi nasema wapeleke, tena usiwe na haraka.

Ya kwangu niliona Paris mwaka 2000, zile picha za dunia kutoka angani za Yann Arthus-Bertrand, mpiga picha Mfaransa. Zilitundikwa kwenye uzio wa chuma wa bustani ya Luxembourg, upande wa rue de Médicis, yaani uko barabarani kabisa, magari yanapita, hakuna tiketi wala mtu wa kukupekua begi. Na hiyo bure inabadilisha mambo aisee, maana ndani ya jumba la makumbusho watu wananong'ona kama wako msibani, hapa mtu katoka zake kazini na mkate kwapani anasimama, anaanza kubishana na asiyemjua kwamba hiki ni kitu gani, maji au mchanga, na Paris watu kuongeleshana hovyo hovyo barabarani si jambo la kila siku.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, usisome maelezo kwanza. Simama mbali, kisia, halafu sogea. Kuna ile ya Korhogo, Ivory Coast, kwa mbali unaona weupe tu umejaa picha nzima, unasema povu hili au mawingu, ukisogea unakuta jamaa kajilaza zake juu ya lundo la pamba anapumzika. Kwenye simu hiyo safari ya kutoka mbali kuja karibu haipo, kidole kimeshapitisha.

Iliyonimaliza mimi ni ya Tsavo Mashariki. Mgunga mmoja peke yake kwenye ardhi kavu, na njia za wanyama zimetoka kila upande zinakutana pale pale mtini. Sasa ile barabara ya Mombasa–Nairobi inapita katikati ya Tsavo zote mbili, sisi tuliopanda yale mabasi miti ya namna hiyo tumeiona dirishani mpaka tukasinzia, ukiwa chini unaona mti tu na jua kali. Juu ndo unaona kwamba kile kivuli kina wateja, na wamekuja miaka na miaka mpaka wamechora ardhi kwa kwato.

Halafu kuna ule moyo wa Voh, kule Kaledonia Mpya, visiwa vya Wafaransa kwenye bahari ya Pasifiki, alioupiga mwaka 1990, wengi mmeuona bila kujua ni nini. Wazungu pale walikuwa wanasema oh mapenzi, oh maajabu, mimi mtu wa pwani nikawa nacheka, maana ile ni mikoko bwana. Ule uwazi wenye umbo la moyo ni sehemu iliyoinuka kidogo, maji ya bahari yanaifikia yakijaa sana tu, kama bamvua letu, yakikauka yanaacha chumvi na mikoko haiwezi kumea hapo, vinabaki vijani vidogo vinavyostahimili chumvi. Majangwa ya chumvi katikati ya mikoko hata kwetu yapo, tofauti ni kwamba hatujapata mtu wa kupita juu na helikopta siku ile maji na jua vimekaa sawa.

Na huyu bwana Arthus-Bertrand kazi ya kupiga picha za angani aliijulia Kenya, hilo wengi hawalijui. Alienda Masai Mara na mkewe mwaka 1976 kuwafuatilia simba, akawa rubani wa baluni la watalii ili apate hela ya kula, na huko juu ndo akaanza kuona nchi kwa jicho lingine.

Kuna wanaolalamika kwamba kutoka juu hata uchafuzi unapendeza. Ni kweli, nakubaliana nao kabisa, ndo maana ukishakisia rudi usome maelezo, msitu uliokatwa unaweza kuudhania kitambaa kizuri. Kama Kifaransa hakipandi piga picha yale maandishi, simu itakutafsiria.

Saa za mchana jua likipiga, picha zinang'aa vibaya huoni kitu, nenda asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni. Kama mko Paris, uzio ule mpaka leo wanatundika picha, maonyesho yanabadilika tu, panda treni ya RER B, shuka kituo cha Luxembourg, ukitoka nje umefika. Ila wikiendi watu wanajaa na watoto wadogo wataishia kuangalia migongo na miguu ya watu, kwa hiyo ukiwa na hao watoto wako, chagua siku ya kazi.