Geuza shingo kabla mpira haujafika

Kiungo anayepokea mpira kwanza ndipo aanze kutafuta wa kumpa, ameshachelewa. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, na wenzake walilihesabu jambo hili katika utafiti wa 2013 uliochambua video za wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza: kila mara mchezaji alipoutoa uso kwenye mpira kuangalia wenzake, wapinzani na nafasi, ikahesabiwa moja. Frank Lampard aliongoza kwa 0.62 kwa sekunde, Steven Gerrard akafuata kwa 0.61. Yaani kama mara sita ndani ya sekunde kumi.

Kipimo hiki unaweza kukifanya kwa simu. Mpiga picha apande juu, amfuate mchezaji mmoja tu, mpira auache uende zake. Kisha rudisha video sekunde kumi kabla ya kila mpira aliopokea, hesabu, gawanya kwa kumi. Chukua mipira ishirini hivi. Mitatu haisemi kitu. Na usimpime straika kwa namba za kiungo wa kati, ambaye hatari humjia kutoka pande zote.

Mazoezi sasa. A ana mpira, B yuko mita 15 mbele yake, C mita 15 nyuma ya B. D, mkabaji, anasimama mita tano nyuma ya B, kidogo pembeni ya njia ya C. A anapiga pasi ya chini. D akimfuata B, B anarudisha kwa A kwa mguso mmoja. D akibaki, B anageuka na kumpa C. Sharti ni hili: D haruhusiwi kuondoka mpaka mpira utoke mguuni mwa A. Bila sharti hilo B atachungulia mara moja mapema, apatie, na hatajifunza chochote.

Pasi ya mita 15 huchukua sekunde moja na kidogo. B achungulie mpira ukiwa nusu ya kwanza ya safari, macho yarudi kabla ya kuugusa. Akichelewa, mpira unampiga ugokoni, naye ataona kosa ni kuangalia nyuma. Kosa ni saa aliyoangalia. Mpira ukiwa mguuni mwa A, amtazame A: mguu wake ndio unaosema pasi inaelekea wapi.

Dakika mbili, badilishaneni nafasi.

Kocha anayepiga kelele “angalia bega!” dakika tisini huvuna shingo zinazozunguka kama feni na macho yasiyoona kitu. Simamisha zoezi ghafla, mwambie B afumbe macho, muulize D yuko upande gani. Wengi watakosea siku ya kwanza, hata yule aliyegeuka mara nyingi kuliko wote.