"Merchant" ni nani: tajiri, bepari au mwenye duka?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Juzi nimenunua dawa nikalipa kwa kadi, mashine ikatoa karatasi imeandikwa MERCHANT COPY. Nikakumbuka tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, ambayo Nyerere aliiita Mabepari wa Venisi. Kamusi yangu inasema merchant ni mfanyabiashara tu. Je, Nyerere alikosea?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Karatasi ile ni nakala ya muuzaji, basi. Watu wa benki humwita merchant hata muuza chipsi.

Kwa Shakespeare, merchant si mwenye duka. Ni mtu wa shehena. Antonio ana merikebu zilizokwenda Tripoli, Mexico na Uingereza, lakini mkononi hana kitu. Rafiki yake Bassanio anapohitaji dukati 3,000, inabidi zikopwe kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji wa fedha kwa riba, kwa miezi mitatu, na Antonio anaweka dhamana ratili ya nyama ya mwili wake.

Nikiwa kidato cha tatu niliandika kwenye mtihani kwamba merchant ni Shylock. Karatasi ilirudi na mstari mwekundu na swali moja: "Shylock anauza nini?" Nilikuja kufarijika nilipoona Portia naye, mke wa Bassanio, akiingia mahakamani kwa kujifanya mwanasheria, anauliza yupi ni merchant na yupi ni Myahudi.

Sasa hilo la bepari. Kiswahili kililichukua neno la mfanyabiashara mara mbili, na mara zote mbili likatuponyoka. Tajiri ni la Kiarabu, mtu wa biashara. Kwetu likawa mwenye fedha, na konda wa daladala akisema "tajiri anataka hesabu" anamtaja mwenye gari. Bepari lilitoka Bara Hindi. Wagujarati husema vepari, mfanyabiashara vilevile. Kwa asili ya neno, basi, Nyerere hakukosea hata chembe.

Ila tafsiri ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na bepari lilikwisha kunuka unyonyaji. Hanishawishi mtu kwamba mzee hakuisikia harufu hiyo. Tena tazama ule wingi: merchant wa Shakespeare ni mmoja, yeye kaandika mabepari, na Shylock kaingia kundi moja na Antonio. Mimi ningeandika Mfanyabiashara wa Venisi, na jina lingelala usingizi juu ya jalada.

Ile karatasi mrudishie mwenye duka la dawa. Yako ni CUSTOMER COPY.