Jibu: Trekta dogo la kijiko cha mbele linateleza nyuma

Salama mkuu. Unasema kijiko kikijaa samadi, tairi za nyuma zinazunguka hapohapo kwenye kile kimlima cha Kibosho, huko Moshi. Mzigo wa mbele unanyanyua nyuma, basi.

Kabla ya kununua chochote, pima upepo. Tairi za nyuma zikiwa psi 25, shusha hadi 14 hivi ila usipite kiwango cha chini cha mtengenezaji. Za mbele usiziguse, ndizo zimebeba mzigo.

Halafu uzito. Kata pipa la lita 200 nusu, jaza zege, weka vyuma vya kushikia, ning'iniza kwenye mikono ya haidroliki nyuma. Ni kama kilo 240, na kwa kuwa limekaa nyuma ya ekseli linapunguzia mbele mzigo pia. Haitoshi? Tia maji kwenye tairi za nyuma: piga jeki, valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka usawa wa valvu, kisha upepo. Kibosho hamna baridi ya kugandisha maji, chumvi ya kuzuia yasigande ya nini? Itatia rimu kutu bure.

Difu loki (inayofunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja) kanyaga ukiwa umenyoosha tu. Ukiwa na mzigo panda kwa mbele, shuka kinyumenyume, kijiko chini.

Tairi zako kashata (yale meno ya kushika ardhi) zimebaki kiasi gani? Zikiwa kipara, hayo yote hayatakusaidia sana.