Maswali Yenu: Mama Anaongea na Marehemu Usiku

SWALI: Mama yetu ana miaka 78, yuko kwenye makazi ya wazee hapa Tabora mjini. Hadi wiki iliyopita alitutambua wote, anauliza mpaka habari za mbuzi. Jumatatu kaanza ghafla kumwita kaka yake aliyefariki zamani. Usiku halali, mchana anasinzia hadi uji unapoa mbele yake. Mhudumu anasema ni uzee. Shangazi anataka tumpeleke kwa mganga Sikonge. Tufanyeje?
Msomaji, Isevya

JIBU: Mpelekeni hospitali leo hii, msingoje siku ya kutembelea. Uzee hauanzi Jumatatu. Akili inayochakaa kwa umri huchukua miezi na miaka: leo kasahau jina la kitukuu, mwakani anapotea njia aliyoizoea. Mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu, mwenye nafuu asubuhi na kuchanganyikiwa jua likizama, ana kitu mwilini kinachouvuruga ubongo, na mara nyingi kitu hicho kinatibika.

Cha kwanza kushukiwa ni maambukizi: njia ya mkojo, nimonia, malaria. Msidanganywe na mwili usio na joto, kwani kwa wazee homa mara nyingi haipandi hata ugonjwa ukiwa mkali. Cha pili ni maji. Kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, na kwa jua la Tabora la Oktoba mzee anaweza kukauka huku akisema hana kiu. Kukosa choo kikubwa siku nne kunatosha kumchanganya, na kibofu kilichojaa mkojo usiotoka pia, hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Halafu kuna dawa: vidonge vya usingizi, au vya mafua vinavyosinziza kama Piriton, ambavyo watu hununua dukani kama pipi.

Kabla ya kuondoka makaoni, kaeni dakika kumi na mhudumu wa zamu, mwandike kwenye karatasi: siku na saa ilipoanza, vikombe alivyokunywa jana, choo cha mwisho, rangi na harufu ya mkojo, na kama alianguka wiki za karibuni hata kama aliinuka mwenyewe (damu inaweza kuvuja taratibu kichwani kwa siku nyingi). Dawa zote zibebeni na pakiti zake, za hospitali na za dukani. Msisahau miwani, asiyeona vizuri huchanganyikiwa zaidi.

Huko ombeni apimwe malaria, mkojo, sukari na wingi wa damu. Malaria isipoonekana, msikubali kurudishwa kwa jibu hilo peke yake.

Kama ana kisukari na alimeza dawa bila kula, sukari inaweza kuwa imeshuka. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au kijiko kimoja kikubwa cha asali, kisha chakula, na safari ya hospitali iendelee hata akipata nafuu, maana baadhi ya vidonge hivyo huendelea kuishusha kwa saa nyingi. Asiyeamka vizuri asitiwe kitu mdomoni.

Msibishane naye juu ya marehemu. Mtajie jina lako, mwambie ni siku gani, mmoja wenu anayemzoea akae naye, na usiku taa hafifu iwake. Asifungwe kanga kitandani. Atapambana nayo mpaka aumie.

Kuhusu Sikonge: kila siku ya safari hiyo ni siku ya maambukizi kusambaa. Na kuna la pili ambalo watu wa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa. Mama mzee anayeongea na wafu usiku, mwenye macho mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni, haraka hupewa jina ambalo likishatamkwa halirudi. Lisianzie kwenu. Shangazi mwambieni kwa heshima kwamba hospitali kwanza.

SWALI: Babu alipata kiharusi, hawezi kujigeuza. Juu ya makalio pametokea alama yenye rangi iliyoiva kuliko ngozi yake. Tunapaka spiriti na kupasugua damu itembee. Ni sawa?
Msomaji, Kiloleni

JIBU: Acheni vyote viwili leo. Spiriti inakausha ngozi, na kusugua kunachana mishipa midogo iliyokwisha kubanwa kati ya mfupa na godoro. Hicho ni kidonda cha kitandani kinachoanzia ndani. Kikifunguka nje, chini kimeshaharibika.

Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tumieni mgongo wa kiganja: pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva mno?

Mgeuzeni kila saa mbili, usiku na mchana: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Maadamu alama haijaisha, nafasi ya chali irukeni. Akiwa ubavuni asilalie nyonga moja kwa moja. Mto ukae nyuma ya mgongo aegemee nusu. Bandikeni karatasi ukutani, kila anayemgeuza aandike saa, la sivyo kila mtu atadhani mwenzake kamgeuza. Kumsogeza juu ni kazi ya watu wawili wakiinua shuka. Kumburuta ndiko kunakochubua. Wekeni blanketi lililokunjwa chini ya mashavu ya miguu hadi karatasi ipite chini ya kisigino bila kukwama. Tyubu ya gari ambayo wagonjwa wengi hukalishwa juu yake haifai, inabana damu kuzunguka kidonda.

Akijikojolea, osheni, kausheni kwa kugusagusa, mpakeni mafuta ya mgando. Ngozi ikifunguka, ikitoa usaha au harufu, muuguzi aione siku hiyohiyo.

SWALI: Tukienda kumwona bibi makaoni tunabeba soda na biskuti. Kuna cha maana zaidi?
Msomaji, Nzega

JIBU: Kipo. Dagaa wa Kigoma: toeni vichwa, osheni, kaangeni bila mafuta hadi wakauke kabisa, twangeni, chekecheni. Vijiko viwili vya unga huo kwenye uji au mlenda vinamfaa asiye na meno kuliko katoni ya biskuti.

Pelekeni viatu vyenye kamba ya kisigino. Ndala zinachomoka, na wazee wengi huanguka usiku wakienda chooni. Tochi ikae kwenye mto, kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, maana presha ya mzee hushuka akiinuka ghafla.

Mkishaamkiana, mshikeni mkono. Bangili iliyokuwa inabana ikianza kuteleza hadi kiganjani, bibi amekonda: ulizieni uzito wake wa mwezi uliopita.