Jirani akiomba karatasi kabla hujapanda mti

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kukata miti hapa Tanga, chenso, ule msumeno wa injini, mtaizoea mapema tu. Jirani wa mwenye mti ndiye atakayewasumbua.

Zamani nilidhani jirani anayeuliza leseni ananidharau. Mwaka wangu wa kwanza nilipata mwembe Chumbageni, matawi yamevuka ukuta. Nimeshafunga kamba kiunoni, akatokea mzee mmoja na msuli wake, kikombe cha kahawa mkononi. "Kijana, karatasi zako ziko wapi?" Nikamjibu kwamba aliyeniita ni mwenye mti, si yeye. Akacheka. "Nyinyi waja leo waondoka leo. Bati langu ndilo litakalobaki hapa."

Saa nne haijafika, tawi nililolikata bila kulifunga kamba likazunguka, likatua juu ya bati lake la msauzi. Nililipa bati mbili kwa mafungu matatu, na kila nikipeleka hela ananikaribisha kahawa. Heri angenitukana.

Mzee hakuwa na shida na leseni. Alitaka kujua kikiharibika kitu amshike nani.

Siku hizi naenda kwa jirani jioni ya kuamkia kazi, na mwenye mti akiwa mbele, maana yeye ndiye anayejuana naye. Shikamoo kwanza. Kisha natoa mfuko wangu: leseni ya biashara ya halmashauri, TIN, kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Tarehe ya leseni kuisha namwonesha mwenyewe, nisingoje aitafute. Akitaka nakala ya kitambulisho, nachora mistari miwili ya kalamu katikati na kuandika "kwa kazi ya mwembe tu" pamoja na tarehe. Nakala tupu ikizagaa, hujui itaishia mkononi mwa nani.

Halafu tunazunguka nyumba yake tukipiga picha za bati, ukuta na tangi la maji, naye akiona. Ufa wa zamani ukishaonekana leo, kesho hausingiziwi tawi lako. Tunaandika pia nani atalipa nini, na mjumbe anatia sahihi. Ukurasa mmoja unatosha.

Kwenye bima, sema kweli. Namjua fundi aliyemwonesha mama wa watu bima ya pikipiki yake. Bima ile ni ya ajali za barabarani. Tawi likivunja choo cha mtu haina habari nalo. Kama huna, sema huna, kisha eleza utakavyoshusha matawi vipande vipande kwa kamba. Jirani akiona unajua kazi, mara nyingi hulegea. Ila waya wa umeme ukipita kwenye matawi, usipande hata kama jirani karidhika. TANESCO waje kwanza wakate umeme.

Wapo pia wanaoomba karatasi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Huyo hata umletee kabati zima, ataomba nyingine. Usimbishie, mwambie mwenye mti waende kwa mtendaji, wewe kunja kamba. Mimi nilipoteza kazi ya mti mmoja wa mkungu Makorora kwa namna hiyo, nikarudi nyumbani na nauli tu. Mkungu bado upo, na wao bado hawasalimiani.